Pikapu Isiyotulia

Dalbandin, 11 Oktoba 1987

Dada yangu Granaz,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Murad, na Hani, na watoto wote, na yule kasuku wenu anayetukana wageni. Sisi hatujambo. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Upepo wa kiangazi umekatika na sasa tunakula mkate usio na mchanga. Durbibi anakusalimu sana; ile shali uliyomtumia ameifungia sandukuni, anasema haitoki mpaka harusi ya Hani.

Najua una hasira nami. Miezi mitatu bila hata mstari mmoja. Kazi ya Chaman ilikuwa ngumu, dada, kupakia na kupakua matunda mchana kutwa, jioni mtu unaanguka kama gunia. Imeisha, nimerudi, tusiitoneshe.

Shida yangu sasa ni pikapu. Niliiacha kwa fundi Lashkaran ikiwa nzima, nimeirudia imeharibika na hakuna anayejua imeharibikaje. Barabara kuu ya kwenda Nokkundi unaikumbuka: lami imebaki vipande kama mkate uliogugunwa na panya, na kati ya kipande na kipande ni mawimbi ya kokoto. Zamani niliyapita kwa mwendo mmoja, gari likateleza juu yake kama jiwe bapa juu ya maji. Sasa linaruka. Si kule kuruka kwa pikapu tupu, kule nakujua tangu nilipoanza kushika usukani. Hii inaruka mpaka barabara yote mbele yangu inaruka nayo. Nguzo za simu zinacheza. Milima inapanda na kushuka. Nikisimama kando, kila kitu kinatulia, nami najiona mjinga.

Nimebadilisha shokapu zote nne. Hakuna tofauti. Lakini usihofu, nitaipata dawa yake kabla ya majira ya kuchipua. Mjomba ndiye anayempeleka bibi harusi, na Mashkel hakuna treni. Sitamfikisha Hani kwa wakwe zake akiwa ametikiswa kama maziwa kwenye kiriba.

Ndimi mdogo wako,
Shahdost


Karachi, 9 Novemba 1987

Shahdost mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, imechakaa kama imetembea kwa miguu. Sisi wazima. Murad yuko zamu ya asubuhi bandarini. Mimi bado nafagia pale kliniki ya akina mama, magoti yanauma lakini nitafanyaje. Kasuku amekufa. Usiseme pole, mimi nimepumzika.

Anayeandika ni Hani, kama kawaida, mimi nasema yeye anaandika. Anaona haya kila nikitaja Mashkel, angalia hata hapo alivyofuta. Amebakiza kudarizi mikono ya gauni na kifua. Haji Pirdad, mkwe mtarajiwa, ametuma tende makopo mawili pamoja na salamu, na tumekubaliana ni baada ya Idi. Kijana mwenyewe, Sabzal, hatujamwona tangu posa, lakini wanasema ni mpole na anajua kupiga hesabu.

Sasa wewe. Binamu yake Murad alipita Dalbandin. Anasema umekonda mpaka kola ya shati inakuzunguka shingoni. Chaman walikuwa wanakulisha nini? Na jioni unakaa na akina nani siku hizi? Nijibu hilo la pili. Nakuuliza kama mama yako, maana mama alipokufa mimi ndiye niliyekulisha.

Kuhusu gari, mimi sijui gari. Lakini gari la mwaka ule ule, barabara ile ile, mbona lianze kuruka likiwa limelala bandani? Kitu hakiharibiki kikiwa kimelala. Ni binadamu tu anayeharibika akilala.

Ule nyama. Mwambie wifi Durbibi nimesema ule nyama.

Dada yako,
Granaz


Dalbandin, 20 Desemba 1987

Dada Granaz,

Salamu na baridi ya huku, maji ya mtungi yanaganda asubuhi. Pole kwa kasuku hata kama hutaki. Durbibi ananilisha mpaka nakimbia. Jioni nakaa nyumbani, dada, nitakaa na nani? Swali gani hilo?

Pikapu bado. Nimetoa chuma kimoja kwenye springi za nyuma ili zilainike. Nimebadilisha bushi, zile raba za springi. Nimepunguza upepo wa matairi. Nimeweka magunia ya mchanga nyuma, karibu na kizingiti cha bodi, maana pikapu ni kama punda: bila mzigo inarusha mateke. Kila nilichofanya ni sahihi na hakuna kilichosaidia.

Juzi Lashkaran alichoka na mimi. Akasema, "Shahdost, kaa kule pembeni, leo naendesha mimi." Tukaenda mpaka Yakmach na kurudi. Ameshika usukani kwa vidole viwili, anatafuna mbegu za tikiti.

"Unaona?" nikamwambia.

"Naona nini?"

"Linavyoruka!"

Akaniangalia. "Ndugu yangu, gari hili limetulia kuliko kitanda changu."

"Basi una kitanda kibovu, maskini mkeo."

Tukacheka. Lakini moyoni sikucheka, dada, maana nguzo zilikuwa zinacheza vilevile, nami nikiwa abiria. Na tulipofika nikamkuta mzee tuliyempakia njiani amekaa nyuma na bakuli lake la chai. Hakuwa amemwaga hata tone.

Sasa sijui. Labda ni fremu imepinda. Vibao vya barabarani sivisomi mpaka nisimame. Abiria wanalala, mimi tu ndiye ninayetoka jasho.

Kichekesho cha mwisho. Nilitoka uani magharibi imeshaingia kuwaangalia mbuzi, taa imezimika, nikaenda upande kama kaa nikaangukia birika la kunyweshea mbuzi. Durbibi alidhani ni mwizi, akanipiga na mwiko. Mcheke na nyie.

Shahdost


Karachi, 17 Januari 1988

Shahdost,

Leo anayeandika si Hani. Ni mke wa mwalimu, jirani yetu, mwanamke anayejua kutunza siri, amekula kiapo. Kuna jambo ambalo siwezi kulisema Hani akiwa na kalamu mkononi.

Salamu tunasalimiana. Nifike kwenye neno.

Watu wawili mbalimbali wamekuona sokoni Dalbandin ukitembea na mkono ukutani jua likizama. Mmoja anasema ulivuka barabara kama mtu aliye kwenye meli. Mwingine anasema ulimkanyaga mtoto wa muuza vitambaa na ukamwomba radhi mtoto mwingine. Maneno haya hayakuishia kwangu. Yamefika Mashkel. Haji Pirdad amemuuliza Murad, kwa adabu, kwa njia ya mtu wa tatu: "Yule mjomba wa binti, ni mtu wa namna gani?" Murad akajibu, mtu mwema. Kisha akarudi nyumbani, akakaa na chai mpaka ikapoa, akaniuliza mimi.

Nikuulize nawe. Ni pombe? Ni kasumba ya kuvuta? Chaman iko mpakani, kasumba inapita pale kama unga wa ngano. Kama ni hiyo sema, sitakulaani. Nitapanda treni nije nikufungie ndani mpaka itoke. Wapo waliotoka.

Lakini usinichekeshe tena na mambo ya birika. Hani alicheka. Mimi sikulala.

Granaz


Dalbandin, 3 Februari 1988

Kwa dada yangu,

Sijaonja pombe tangu kuzaliwa. Kasumba sijui hata harufu yake ikoje. Umeniambia hayo kwa mkono wa mke wa mwalimu, na kesho mtaa wenu mzima wa Lyari utajua. Mama angekuwa hai asingeniuliza hivyo.

Hani nitampeleka mimi mwenyewe. Ni haki yangu na sitaiacha kwa maneno ya wauza vitambaa.

Durbibi anasalimu.

Shahdost


Karachi, 28 Februari 1988

Shahdost mdogo wangu,

Nilitaka kunyamaza nawe unyamaze tuone nani atachoka. Nimechoka mimi. Anayeandika ni Hani tena. Ameisoma barua yako fupi kabla sijaificha, na amelia, na ameniambia mimi ndiye mwenye makosa. Huenda. Nisamehe kama nimekukosea.

Hapa kliniki kuna Daktari Zubaida. Hana makuu, anakunywa chai na sisi wafagiaji. Niliona haya kumweleza habari za kwetu, nikasema tu kwa mzaha, "Daktari, kuna dawa ya gari linaloruka?" Akacheka. Nikamweleza: nguzo zinacheza, mlima unapanda unashuka, fundi haoni kitu, chai ya abiria haimwagiki. Akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini.

"Akitembea je? Dunia inacheza?"

Nikasema sijui.

"Gizani je? Anaanguka?"

Shahdost, nikakumbuka birika.

Akaniuliza tena, "Amewahi kuchomwa sindano kwa muda mrefu? Kila siku, kwa wiki nyingi?" Nikamwambia hapana, mdogo wangu hajawahi kuugua zaidi ya surua, mwaka jana alikuwa Chaman anapakia matunda. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi sijui. Kama angekuwa amechomwa zile sindano ningejua."

Amesema ujaribu hivi. Simama wima, miguu pamoja, mikono kifuani, na Durbibi awe karibu sana. Fumba macho. Ni hivyo tu. Ukisimama imara, mimi ni mwanamke mjinga na gari lako ni bovu, na nitakuomba radhi mbele ya watu. Usiposimama, usiendeshe hata mpaka kisimani.

Na tafadhali nijibu upesi. Mashkel wamenyamaza tangu Januari. Idi inakaribia.

Dada yako

Mjomba, hapa ni Hani mwenyewe, mama ameenda kuzima jiko. Nakusihi fanya hilo jaribio. Sijali nitafika Mashkel kwa gari gani.


Dalbandin, 22 Machi 1988

Dada yangu Granaz,

Sikukujibu upesi. Mchanga ulifunika reli na treni haikupita, lakini hiyo si sababu. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu nikaendelea kuendesha. Nilijiambia nitalifanya hilo jaribio Ijumaa. Ijumaa ikapita, nikasema ijayo.

Jumatano nilipakia abiria sita wa Nokkundi na magunia ya unga. Mwanamke mmoja, Bibi Sharatun, alikuwa anakwenda kumwona mjukuu. Tulipoipita Yakmach mawimbi ya barabara yakaanza. Nikaona vitu vyeupe mbele vinaruka. Lakini kwangu mimi, dada, kila kitu kinaruka. Mawe yanaruka, vichaka vinaruka, miguu ya ngamia inaruka hata akiwa amelala. Nikashindwa kujua kipi kinaruka kweli. Nikasema ni mawe yaliyopakwa chokaa, yapo kando ya barabara. Nyuma wakaanza kupiga paa la kibanda cha dereva kwa ngumi, "Kondoo! Kondoo! We Shahdost, una macho?" Walikuwa kondoo, na mchungaji mzee katikati yao.

Nikakata usukani. Pikapu ikaacha lami, ikashuka tuta, ikalala ubavu kwenye mchanga taratibu kama ngamia anayepiga magoti. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa. Kondoo wawili wamekufa. Bibi Sharatun amevunjika mkono, na hakupiga kelele. Alikaa kwenye mchanga ameushika mkono wake, ananitazama tu. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Mchungaji akaja na fimbo. Nilidhani atanipiga. Akaniinamia, akaninusa mdomo. "Hakunywa," akawaambia wengine. "Basi huyu ana nini?"

Nilirudi nyumbani kwa gari la watu. Nikamwita Durbibi, nikamwambia simama hapa. Nikakusanya miguu, nikafumba macho. Dada, sikuhisi hata naanguka. Nilihisi nimesimama wima kabisa, kisha nikaona niko mikononi mwake, na yeye amebanwa ukutani analia, "Shahdost, mbona umeanguka kama gogo?"

Sikuwa Chaman.

Nilikuwa Quetta, hospitali ya kifua. Nilikuwa natema damu tangu kabla ya kiangazi. Kila asubuhi muuguzi alipita na sindano, kitanda kwa kitanda, na masikio yakaanza kunivumia kama mzinga, nikadhani ni uchovu. Walinitibu vizuri. Damu ilikatika, uzito ukaanza kurudi, wakanipa vidonge vya kuendelea navyo nyumbani. Durbibi anavificha kwenye kopo la unga. Hivi karibuni navimaliza. Hakuna mwingine aliyejua. Kifua kikuu kikitajwa kwenye nyumba, nani anaoa kutoka nyumba hiyo? Nilisema nitamwoza Hani kwanza, halafu nitasema.

Badala yake nikakaa naitengeneza pikapu.

Choma barua hii. Usimwambie Haji Pirdad, usimwambie hata Murad. Nitasema nimeumia mgongo kwenye ajali, mtu mwingine aendeshe, harusi ipite.

Na Hani mwanangu, kama ni wewe unayesoma hapa kwa sauti, nisamehe. Ruka mstari huu, usimsomee mama yako.

Shahdost


Karachi, 30 Aprili 1988

Shahdost,

Ramadhani njema. Hani hakuruka mstari.

Alisoma mpaka pale pa Quetta, akanyamaza, nikadhani mwandiko wako umemshinda. Nikasema, "Soma." Akasema, "Mama, subiri kidogo." Kisha akasoma yote, mpaka mwisho, kwa sauti ile ile kama anasoma bei za sokoni. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Miezi mitatu umelala peke yako pale, hakuna wa kukupelekea hata uji, na mimi huku natafuta shali ya wifi.

Nilikimbia kwa Daktari Zubaida nikiwa na ndara tofauti miguuni. Anasema ni zile sindano. Zimeokoa watu wasiohesabika, nawe pia, ila kwa baadhi ya watu zinakula kile kilicho ndani ya sikio, kile kinachoyashika macho yatulie mwili unapotikisika. Ndiyo maana ukisimama dunia inasimama. Ndiyo maana gizani huna pa kujishikiza. Nilimuuliza kitarudi lini. Akaniambia ukweli, nami nakuambia hivyohivyo: hakirudi. Utajifunza kuishi nacho, macho na miguu vitasaidia, lakini barabara ile si yako tena. Na kifua, ukimaliza vidonge bila kuacha hata kimoja, huambukizi mtu. Yeye alisema hivyo, kwa mdomo wake.

Sasa sikiliza, maana hapa nimegombana na mwanangu. Mimi nilikuwa upande wako. Nilisema tufunge midomo, harusi ipite. Hani akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, mficha maradhi kilio humfichua. Nikienda kule na siri hii moyoni nitailinda maisha yangu yote. Kila nikikohoa nitaogopa. Bora wanikatae nikiwa kwangu." Nikampiga kofi, Shahdost. Sijampiga tangu akiwa mdogo. Hakulia. Akaenda akamwambia baba yake.

Siku ya tatu Murad akaandika Mashkel, yote, kwa jina lako na jina lake.

Tukangoja. Sijui nikueleze vipi kungoja kule. Gauni lilikuwa limekunjwa kwenye kiti na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliondoa wala kulimaliza. Mtu akipiga hodi, sote tunasimama. Mara nikasikia Haji Pirdad amesema posa imekufa. Mara nikasikia hajasema. Mke wa mwalimu alikuja kunipa pole nikamfukuza.

Jana amekuja mtu wao, dereva wa lori la tende, na salamu za mke wa Haji Pirdad. Si Haji, ni mkewe. Nilimfanya arudie mara mbili. Amesema, "Mwambie Granaz, nyumba gani Mashkel haina mtu aliyekohoa? Mimi nimemzika kaka yangu kwa ugonjwa huo huo, naye hakupata sindano hata moja. Wa kwao amepona. Mlete binti. Lakini yule mjomba akigusa usukani, nitamrudisha Dalbandin kwa miguu."

Hani amelichukua gauni kutoka kwenye kiti. Anadarizi sasa, anaandika na sindano imechomekwa kifuani, nimemwambia itamchoma.

Uwe umeshapata dereva. Na Bibi Sharatun, umekwenda kumwona? Nenda. Na wifi, mwambie nimemkasirikia, na nampenda.

Granaz


Dalbandin, 9 Juni 1988

Dada yangu Granaz,

Kwa Bibi Sharatun nilikwenda, kabla hata ya barua yako. Nilichukua mbuzi. Mbuzi alimpokea, chai hakunipa. Mkono umeunga vibaya, hauwezi kukanda unga. Mkwewe ndiye anayekanda. Nitakwenda tena.

Mwanao amefika salama. Murad atakueleza yake akirudi, mimi nikueleze ya njiani, maana najua hulali.

Walishuka kwenye treni alfajiri, Murad na Hani na shangazi zake na masanduku. Hani ameshuka, akanitazama nilivyosimama nimeshika nguzo ya stesheni, akaja moja kwa moja, akaniwekea kichwa begani mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Idi; badala yake nikamwekea mkono kichwani.

Lashkaran, aliyeinyoosha pikapu baada ya ajali, ndiye aliyeendesha. Hani na shangazi mmoja walikaa mbele. Mimi nikapanda nyuma kwenye bodi ya pikapu yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, nimebanwa kati ya sanduku na wanawake wanaoimba. Tulipoipita Yakmach dunia ikaanza kucheza. Milima, nguzo, vidole vya miguu yangu. Nikaanza kutapika na wanawake wakaanza kunicheka. "Mjomba ana mimba! Mjomba ameolewa yeye!" Shangazi mmoja mnene akaniambia, "Fumba macho basi, wewe, utatuchafulia shali."

Nikafumba macho, nikashika ubao kwa mikono miwili, mgongo kwenye sanduku.

Dada, lilikuwa limetulia. Sijui nikuambieje. Nilikuwa nahisi kila wimbi la kokoto linapopita chini yangu, dogo, la mviringo, springi zinalipokea na kuliachia. Shokapu mpya, chuma nilichotoa, magunia mahali pake, upepo wa matairi. Hakuna pikapu kutoka Quetta mpaka mpakani inayokwenda vile. Wale wanawake walikuwa wanapiga ngoma na mkono haukosei. Nililia, nao wakadhani ni kwa ajili ya Hani, nikawaacha wadhani hivyo.

Mashkel walitupokea kwa risasi hewani na kondoo wa kubanika. Mke wa Haji Pirdad alikuja mpaka kwenye mlango wa kibanda cha gari kuangalia nani anashuka upande wa usukani. Alipomwona Lashkaran akaridhika. Kisha akaja nyuma, akanipa mkono nishuke, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Huyu ndiye aliyerudi kutoka Quetta." Watu wakanitazama. Hakuna aliyerudi nyuma. Sabzal ni mpole kweli, na masikio yake ni makubwa, hamkuniambia.

Pikapu sasa anaendesha Lashkaran. Mimi napakia na kupanga mzigo, maana hilo bado nalijua kuliko yeye, na asubuhi nakaa karakana kwake. Kuna siku naamka nimekasirika mpaka siongei. Durbibi ananiacha mpaka chai ya pili.

Jua likishazama sitoki peke yangu. Tukienda kwa majirani namwekea Durbibi mkono begani, tunatembea hivyo njia nzima, naye anaona haya mpaka anavuta shali usoni. Jana vijana waliokaa kwenye kibaraza cha duka walituona. Mmoja akapaza sauti, "Shahdost! Mmeoana lini nyie?"

Kabla sijajibu, Durbibi akageuka, yeye ambaye hajawahi kumjibu mwanaume barabarani maisha yake yote.

"Leo," akasema. "Tupisheni njia."

Mdogo wako,
Shahdost